Jicho la Kushoto la Askofu

Vijana wa kenneli, mabanda yetu ya mbwa, mwezi uliopita nilirudisha funguo na buti, nikakatiwa keki, nikapigiwa makofi na watu ambao nusu yao hawakujua nilikuwa nafanya kazi gani. Mmoja wenu aliniuliza kama mimi ndiye mzee wa kufagia. Sikukasirika. Nilikasirika kidogo. Ndiyo sababu nimekaa na kalamu hii.

Mambo ya vyeo na mishahara yaulizeni ofisini, wao wana kabati. Mimi nitawaeleza kazi yenyewe. Nilikuwa mtu wa macho. Kazi yangu ilikuwa kuangalia rangi ya macho ya mbwa na kusema kama inakubalika au haikubaliki. Meno yalikuwa na mtu wake. Miguu na mgongo vilikuwa na mtu wake, na mkia ulikuwa na mzee mmoja mwenye kiburi ambaye hakuwahi kunisalimia. Mimi nilianzia kope na kuishia kope.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa naishi Kaloleni, Nairobi, chumba kimoja, mke na watoto wako nyumbani Kimilili wanalima. Kila asubuhi nilitembea hadi Industrial Area kusimama kwenye mageti na wanaume wengine tukingoja kuitwa kazi ya kibarua. Siku hiyo nilifuata harufu ya sabuni, nikasimama kwenye geti nikijua hapa leo napakia miche ya sabuni. Kumbe kiwanda cha sabuni kilikuwa nyuma. Geti nililosimama mbele yake lilikuwa la kampuni ya mbwa wa ulinzi, ambayo kwa upande wa uani ilikuwa inafuga mbwa wa maonyesho. Mlinzi akaniuliza, "Unaogopa mbwa?" Nikasema hapana. Nilikuwa nawaogopa sana.

Aliyenipokea ni Bi Fernandes, mama wa Kigoa, mfupi, nywele nyeupe kabisa, sauti ya kuamsha mtaa. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mabanda. Hakuniuliza jina wala kitambulisho. Alitoa mfukoni kipande cha kadibodi kilichoshonewa vifungo tisa vya koti, kuanzia cheusi kinachokaribia kuwa kahawia hadi cha manjano. Vifungo hivyo alivitafuta mwenyewe Gikomba kwenye makoti ya mitumba. Wauza makoti walimjua na wakimwona wanafunika mali yao.

"Hii rangi gani?"

"Kahawia, mama."

"Na hii?"

"Kahawia."

"Na hii?"

Nikaona kazi inaniponyoka. Nikasema, "Mama, sijui majina ya rangi. Lakini hicho cha kwanza ni strungi, chai isiyoona maziwa. Cha tatu ni chai ya kwangu mwisho wa mwezi, maziwa yamepita mbali. Cha sita ni chai ya hoteli. Cha nane ni chai ya mgeni wa heshima. Hicho cha mwisho, samahani, hicho si chai, hayo ni maji ya mfereji baada ya mvua."

Akarudisha kadibodi mfukoni. Kisha akasema, "Ingia. Leo wewe nafagia, kesho wewe naangalia macho." Hivyo ndivyo nilivyoandikwa, na hadi nastaafu hakuna karatasi yoyote iliyoeleza zaidi ya hapo.

Mwaka wa kwanza wote nilisoma vigezo. Kila aina ya mbwa ina maandishi yake yanayosema afanane vipi, na ndani yake kuna mstari mmoja au miwili ya macho. Hiyo mistari niliijua kuliko nilivyojua nyimbo za kanisani. Rotwaila anataka strungi, kifungo cha kwanza au cha pili, ukifika cha tano watu wanaanza kukohoa. Jamani Shepadi anapendelewa macho meusi, lakini yakiwa mepesi kidogo na yanapatana na manyoya yake husamehewa. Dobamani mweusi awe na macho meusi, Dobamani wa kahawia anaruhusiwa mepesi. Halafu kuna Waimarana, mbwa mmoja wa kijivu mwenye sura ya karani, huyo anatakiwa awe na macho ya kaharabu, yaani rangi ya asali.

Nikamuuliza Bi Fernandes, "Waimarana akiwa na macho meusi?"

"Kosa."

"Rotwaila akiwa na macho ya Waimarana?"

"Kosa kubwa."

"Na wakibadilishana?"

Akaniambia niende nikafagie.

Sasa shikeni hii, kwa sababu naona siku hizi mnaangalia mbwa kwenye simu. Mbwa huangaliwa kivulini penye mwanga, jua likiwa nyuma yako. Usimkazie macho, ataona unamtafuta ubaya. Angalia pua yake kwanza, ngoja atulie, kisha inua kadi ya vifungo kando ya sikio lake, linganisha, sema namba, shusha kadi. Usitoe maoni. Na kama jana ulikula omena, wale samaki wadogo, geuza uso, maana mbwa atakuja kukulamba na utaona ulimi badala ya jicho.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na nyingi zilitokana na binadamu. Siku za maonyesho nilivaa koti na tai, nikasimama kwenye nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele zangu, na watu wenye heshima zao wakanidanganya mchana kweupe. Bwana mmoja alikuwa akimweka mbwa wake chini ya mti kila mara, ukimwita aje juani anasema mbwa ana aibu. Bibi mwingine alimtilia mbwa wake dawa ya matone ili mboni ipanuke, weusi ufunike ile rangi hafifu. Nilimjua kwa sababu mbwa alikuwa anagonga meza. Nikasema, "Mama, huyu mbwa haoni meza." Akanijibu, "Kwani meza inashindana?" Jameni. Niliandika "haijulikani" na nikaondoka zangu.

Basi hayo yalikuwa ya kazini. Nyumbani Kaloleni nilikuwa mtu wa kawaida, ila watu walijua nafanya kazi na mbwa, wakanipa heshima ambayo sikuitafuta. Jirani yangu wa mlango kwa mlango alikuwa Mama Akinyi, mjane, mtu wa Siaya, aliyekaanga samaki nje ya nyumba yake. Nilikula kwake kila jioni. Alinipa kichwa bila kuomba, na mtu anayekupa kichwa cha samaki bila kuomba huyo ni ndugu.

Mama Akinyi alikuwa na mbwa anayeitwa Askofu. Mbwa koko, mweusi, miguu mifupi, na shingoni manyoya meupe kama kola ya padri, yaliyompa hilo jina. Padri wa parokia alisikia akacheka. Katekista hakucheka. Jicho la Askofu la kulia lilikuwa kahawia nzuri, kifungo cha pili. La kushoto lilikuwa bluu, bluu ya maziwa yaliyotiwa maji. Nilipoliona mara ya kwanza nilifurahi sana, kwa maana jicho kama hilo hata kwenye maonyesho halionekani mara nyingi. Nililipima, nikaliandika kwenye daftari langu. Askofu alikuwa anaweka kidevu kwenye goti langu nikila, nami nalitazama lile jicho kama mtu aliyekaa na kitu cha thamani na wenzake hawajui.

Mtaani walikuwa na maelezo yao. Walisema jicho lile linaona majini, yaani mashetani. Mama Akinyi hakusema ndiyo wala la. Ukimuuliza alikujibu, "Muulize mwenyewe." Na uvumi ule ulimfaa, kwa sababu kila siku isipokuwa Jumapili alitoka alfajiri kwa miguu kwenda Gikomba kununua samaki, na kwenye kona moja ya njiani walikuwa wanakaa vijana wawili waliokuwa wanawapunguzia watu mizigo. Mama mmoja wa nyanya walimvua hadi viatu. Mama Akinyi hawakumgusa. Askofu akifika anageuza kichwa, lile jicho linang'aa, na vijana wanatazama ukuta. Bila yule mbwa hakuna safari, bila safari hakuna samaki, na watoto wake watatu walikuwa shuleni kwa samaki wale wale.

Kisha mbwa mmoja wa estate, mtaa wetu wa Kaloleni, akamuuma mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Si Askofu, tafadhali. Ofisi moja mjini, ambayo siitaji kwa sababu bado naishi hapa, ikatuma barua kwa chairman wa estate: Jumamosi ya wiki ya pili atakuja ofisa na mtu wa bunduki, mbwa koko wote wauawe. Mbwa wa aina, wenye cheti cha mtaalamu, wataachwa.

Chairman wetu alikuwa Mzee Kamau, fundi viatu aliyestaafu, mtu wa mikutano. Akatuita ukumbini, akasoma barua mara mbili, akauliza, "Mtaalamu ni nani?" Watu wote wakageuka wakaniangalia. Nikasema, "Mimi najua macho tu." Mzee Kamau akasema, "Macho ndiyo haya haya. Umepita bila kupingwa." Watu wakapiga makofi.

Jamani, sijawahi kuandika uongo kazini, na sikutaka kuanzia nyumbani. Nilikaa na kitabu cha vigezo siku mbili, nikaona njia. Mbwa karibu wote duniani wanatakiwa wawe na macho meusi, na mbwa koko karibu wote wana macho meusi. Basi nikawa naandika ukweli mtupu: "Macho ya mbwa huyu, namba mbili, yanakubalika katika vigezo vya Rotwaila." Sikusema ni Rotwaila. Mtu akisoma haraka, hilo ni shauri lake.

Foleni ilifika hadi kwenye mfereji. Baba mmoja alirudisha cheti chake kwa sababu nilikuwa nimemwekea Pudo, yule mbwa wa manyoya ya kuchanwa. "Wafula, huyu wangu analinda baiskeli. Hawezi kuwa Pudo." Nikambadilishia. Mama mwingine akasema jirani yake amepata Dobamani na yeye pia anataka Dobamani, kwani yeye halipi nyumba? Nikampa Dobamani. Mbwa wenyewe walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Aliyenitoa jasho ni mbwa wa Mzee Kamau. Huyo alikuwa Jamani Shepadi halisi, mbwa wa pekee wa aina katika estate nzima, na macho yake yalikuwa manjano kabisa, kifungo cha tisa, maji ya mfereji. Nikamwambia, "Chairman, samahani. Macho haya hayakubaliki kwa Jamani Shepadi." Akapandisha sauti. "Lakini huyu ndiye Jamani Shepadi!" "Naona, Mzee. Hayakubaliki." Tukabishana hadi chai ikapoa. Mwisho nilimwandikia kwamba yanakaribia yale yanayokubalika kwa Waimarana. Alikichukua cheti kwa ncha za vidole, na kwa wiki nzima alinisalimia kwa kichwa tu.

Askofu nilimwacha wa mwisho. Bi Fernandes alinifundisha kwamba usimpime mbwa wa mtu anayekulisha, nami nilikuwa nimelishwa miaka mitano. Lakini kama si mimi, nani? Nikapekua kitabu kizima kutafuta aina inayoruhusu jicho moja kahawia na moja bluu. Nikampata haski, mbwa wa Siberia wa kuvuta magari ya theluji. Kigezo chake hakina matata: kahawia, bluu, au moja moja, vyote sawa. Nikaandika, nikapiga muhuri wa estate. Mama Akinyi alikishika cheti kwa mikono miwili akanong'ona, "Wafula, hiki kitatosha kweli?" Nikamwambia kitatosha. Nilisema kwa kiburi, maana nililijua lile jicho kuliko mtu yeyote.

Jumamosi ikafika. Uwanja wa estate ukajaa mbwa waliooga sabuni ya kufulia na wamefungwa kamba za kila aina, mmoja kwa tai ya shule. Ofisa alikuja na faili na suti nzito. Mtu wa bunduki alibaki juu ya pikapu akila njugu. Na nyuma ya pikapu likaja gari dogo kuukuu ninalolijua, akashuka Bi Fernandes. Ofisa alikuwa amepiga simu kwenye mabanda kutaka mtaalamu wa kuhakikisha vyeti, na mtaalamu wa kuhakiki macho niliyoyapima mimi alikuwa mmoja tu Nairobi nzima.

Bi Fernandes hakunisalimia. Akatoa kadi ya vifungo, akaanza mwanzo wa mstari. Anasoma cheti, anaangalia macho, anasema, "Sawa. Iko kubalika." Mbwa wa pili, "Sawa." Ofisa akamwonyesha mbwa mmoja mwenye mkia wa kukatika na masikio mawili yasiyofanana. "Mama, huyu kweli ni Rotwaila?"

"Mimi naangalia macho. Macho iko ya Rotwaila. Hiyo ingine uliza mtu ingine."

"Mtu gani mwingine?"

"Leo hakuja."

Ofisa akaandika. Mbwa baada ya mbwa, hivyo hivyo. Alipofika kwa Mzee Kamau alisema Jamani Shepadi ile iko na macho mbaya sana, lakini cheti ni sahihi. Mzee Kamau akafumba macho yake mwenyewe.

Kisha Askofu. Ofisa akasoma cheti kwa sauti. "Haski. Haski ni nini?"

"Mbwa wa theluji," nikasema.

"Theluji iko wapi Kaloleni?"

Mzee Kamau akadakia, "Ndiyo sababu amepunguza manyoya."

Watu wakacheka, Bi Fernandes hakucheka. Alipiga magoti mbele ya Askofu. Hakuinua kadi. Alifunika lile jicho la kulia kwa kiganja, akapitisha kidole polepole mbele ya lile la bluu, mbali kidogo ili asifanye upepo. Akakipitisha tena. Askofu hakupepesa. Alikaa tu, ulimi nje, akitabasamu upande ambao hapakuwa na mtu.

"Wafula," akasema bila kugeuka, "hii si rangi. Hii jicho imekufa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka mitano! Kidevu kwenye goti langu, miaka mitano, na mimi nashika daftari naandika bluu ya maziwa. Yule bibi wa matone nilimwona mara moja kwa sababu mbwa aligonga meza. Askofu alikuwa akigonga kiti changu kila jioni, nikadhani ni mapenzi. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani.

Ofisa akafunga faili. "Basi cheti ni batili. Huyu ni koko." Akamwita mtu wa bunduki, naye akaanza kukung'uta maganda ya njugu mapajani.

"Ngoja," akasema Bi Fernandes. "Kigezo iko na sheria. Kama yeye nazaliwa na jicho mbaya, kosa. Kama yeye naumia baadaye, hapana hesabu. Tunahesabu jicho ile alizaliwa nayo. Lakini mwenye mbwa lazima aseme alikuwa anaona, na aliumia vipi. Mbele ya watu."

Uwanja wote ukamwangalia Mama Akinyi. Yeye hakututazama. Alikuwa anatazama ukuta mfupi wa ua wa ukumbi, na nilipofuata macho yake nikawaona wale vijana wawili wa kona wameketi juu ya ukuta huo, miguu inaning'inia, wamekuja kujionea sinema kama watu wengine. Nikaelewa. Akinyamaza, Askofu anapigwa risasi sasa hivi. Akisema, kila mtu atajua kwamba jicho linaloona majini halioni hata nzi, na Jumatatu alfajiri atapita kwenye ile kona na mbwa wa miguu mifupi tu.

Bunduki ikasikika ikifunguliwa, klak.

"Ni mimi," akasema Mama Akinyi.

Sauti haikutoka vizuri, ikabidi arudie. "Ni mimi niliyemtoa jicho. Alikuwa mdogo hivi. Macho yote mawili yalikuwa kahawia, alikuwa anakimbiza vipepeo huyu. Nilikuwa nakaanga, nikageuza samaki kwa haraka, mafuta yakamrukia. Alilia siku mbili. Na bado akaja kulala miguuni pangu, mimi niliyemchoma." Hapo machozi yakamshinda. "Watu wakaanza kusema anaona majini, nikanyamaza. Niliona haya. Nikasema afadhali waogope kuliko kujua ni mimi. Anaona upande mmoja tu. Upande mwingine haoni kitu. Haya, nimesema."

Hakuna aliyecheka. Hata mbwa wenye macho ya Rotwaila walinyamaza. Nilimhurumia sana yule mama.

Bi Fernandes akachukua cheti changu, akakigeuza nyuma, akaandika kwa mkono wake: jicho la kulia, namba mbili, linakubalika kwa aina karibu zote, jicho la kushoto, ajali ya jikoni, halihesabiwi. Akampa ofisa. Ofisa akakisoma, akakisoma tena. "Sasa ni mbwa wa aina gani?"

"Mimi naangalia macho tu," akasema Bi Fernandes.

Ofisa alikuwa amechoka, suti imemlowa. Akatia sahihi. Mtu wa bunduki alishuka kwenye pikapu, akaniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, wangu nyumbani ana macho ya rangi ya asali. Hiyo ni sawa?" Nikamwambia inategemea mbwa. Akaonekana kuwa na wasiwasi.

Nilimsindikiza Bi Fernandes hadi kwenye gari nikingoja kufutwa kazi. Alifungua mlango, akakaa, akashika usukani. "Mimi nakufundisha wewe rangi miaka mitano," akasema. "Hata siku moja sikukufundisha kuuliza kama mbwa naona. Hii ni kosa yangu pia." Akaondoka. Kuanzia wiki iliyofuata, kabla ya kuinua kadi, tulikuwa tunapitisha kidole kwanza. Hapo ndipo ilipotoka ile desturi yenu ya kidole ambayo mnadhani imeandikwa kwenye kitabu.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, nilisimama mlangoni kwa Mama Akinyi. Akatoka na beseni na Askofu.

"Wafula, unaenda wapi na koti la kazi?"

"Gikomba. Kununua samaki."

"Na utabebea nini?"

"Nitaazima beseni lako."

Akafunga mlango. Kisha akasema, "Basi kaa kushoto kwake. Huko haoni. Usimguse kwa mkono, atashtuka. Acha akugonge mwenyewe ndiyo ajue upo."

Tukaenda hivyo, yeye kulia, mimi kushoto, mbwa katikati. Kwenye kona wale vijana walikuwepo. Mmoja akasimama mbele yetu.

"Sasa mathe. Niaje buda. Ni ukweli hiyo jicho ilidedi, haioni?"

"Ni ukweli," nikasema.

Akainama akamtazama Askofu kwa muda. "Aki pole, Askofu. Na vile tulikuwa tunaiogopa." Mwenzake naye akasema pole. Kisha yule wa kwanza akanigeukia. "Mathe apite, huyo tumemzoea. Na vile alisema jana kwa umati, mimi mwenyewe nililia."

"Ilikuwa juzi," akasema mwenzake.

"Juzi. Lakini wewe buda hatukujui. Leta saa."

Nikavua saa nikampa. Mama Akinyi aliwatukana kwa Kijaluo kutoka pale hadi Gikomba, lakini beseni lake hakuna aliyeligusa, siku ile wala siku nyingine. Askofu alinigonga mguu njia nzima. Anaenda hatua chache, anakuja, ananigonga, anatulia. Anaenda tena, anakuja, ananigonga. Nilikuwa nimewaangalia mbwa mamia mpaka wakati huo, na huyo ndiye wa kwanza aliyenitafuta mimi.

Tulitembea hivyo kila asubuhi kabla sijaenda kazini, miaka minne. Kisha Askofu akazeeka, akafa kwa uzee wake, kwenye gunia lake kando ya jiko. Asubuhi iliyofuata nilisimama mlangoni kama kawaida, Mama Akinyi akatoka na beseni, tukaenda. Tulipofika Gikomba ndipo nilipotazama chini nikaona tumetembea njia yote, yeye kulia na mimi kushoto, tumeacha katikati nafasi ya mbwa mmoja.